Tumbawe Baharini na Tumbawe Tangini: Maadili ya Biashara ya Matumbawe Hai na Hifadhi ya Miamba

Ikisiri

Matumbawe hai huvunwa katika miamba ya bahari za tropiki na kuuzwa nchi za mbali, ambako hufugwa majumbani ndani ya matangi ya kioo. Makala haya yanachunguza uadilifu wa biashara hiyo. Yanaanza kwa kuangalia namna Kiswahili kinavyolitaja tumbawe, kisha yanaeleza jinsi biashara inavyoendeshwa, hasa Indonesia na Fiji, na kupima hoja za wanaoipinga na za wanaoitetea. Hoja kuu ni kwamba kibali cha serikali hakitoshi kuifanya biashara hii kuwa ya haki. Kinachopaswa kutazamwa ni hali ya mwamba uliobaki nyuma na nafasi ya watu wanaoishi kando yake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuonyesha kwamba jambo lililo dogo kwa mmoja huwa kubwa kwa mwingine. Kwa mfugaji wa matumbawe aliyeko Chicago au Berlin, lita mia chache za maji ya chumvi ndani ya tangi la kioo ndizo bahari. Huwasha taa zinazoiga mwangaza wa jua, hupima joto na chumvi kila siku, na huhuzunika kwa dhati tumbawe lake linapokufa. Mapenzi yake kwa viumbe hao si ya kutiliwa shaka. Hata hivyo, bahari kubwa ambako tumbawe hilo lilitoka haimo katika upeo wa macho yake, wala hamjui aliyeling'oa.

Je, ni haki kulitoa tumbawe mwambani ili lipambe nyumba ya mtu? Swali hili mara nyingi hujibiwa kwa haraka. Wapo wasemao kwamba kiumbe wa porini asiguswe kamwe. Wapo pia wasemao kwamba sheria ikisharuhusu, hakuna lililobaki la kuulizwa. Makala haya yanashikilia kwamba majibu yote mawili yana upungufu. La kwanza humsahau mwanadamu anayeishi kwa bahari, na la pili huchanganya uhalali na uadilifu.

Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili ni lugha iliyokulia kando ya miamba ya matumbawe, na msamiati wake umebeba historia ya namna watu walivyoitumia. Pili, mjadala wa hifadhi ya mazingira huendeshwa zaidi kwa lugha za kigeni, na matokeo yake ni kwamba mvuvi husikia amri bila kusikia hoja.

2.0 Tumbawe katika Lugha na katika Elimu ya Viumbe

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayohusiana na dhana hii. Tumbawe hutaja kitu chenyewe kikiwa baharini na vilevile kikiwa jiwe la kujengea. Marijani, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja zaidi kito chekundu kinachotungwa mikufu. Kito hicho hutokana na matumbawe ya jamii nyingine, maarufu zaidi yakiwa yale ya Bahari ya Mediterania, wala si yale yanayojenga miamba ya pwani za tropiki. Mwamba ni jiwe kubwa, liwe la nchi kavu au la baharini. Chokaa nayo, katika pwani hii, ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya msamiati huu inatoka katika nyanja mbili: ujenzi na mapambo.

Sarufi nayo ina lake la kusema. Samaki, kaa, pweza na kamba wote hupatanishwa katika ngeli ya A-WA, kwa kuwa ni viumbe wenye uhai. Tumbawe limo katika ngeli ya LI-YA. Husemwa kwamba pweza amevuliwa, lakini tumbawe limevunjwa. Kwa upatanisho wa kisarufi, tumbawe limewekwa pamoja na jiwe na jengo.

Elimu ya viumbe inasema vingine. Tumbawe gumu ni koloni la wanyama wadogo waitwao polipu, ambao ni jamaa wa konyeza. Kila polipu ana mdomo uliozungukwa na minyiri, na hujijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwangaza wa jua, humgawia mwenyeji wake, na ndio unaolipa tumbawe sehemu kubwa ya rangi yake. Maji yakizidi joto, polipu huutoa mwani huo nje, tumbawe likapauka, na hali hiyo ikiendelea kwa majuma mengi hufa kwa njaa.

Vizazi vya polipu vikipita, vikombe vyao hubaki vimerundikana na kuwa mwamba. Kazi hiyo ni ya polepole. Matumbawe mazito yenye umbo la mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, ilhali yenye matawi yanaweza kuzidi sentimita 10. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumbawe zito la ukubwa wa kichwa cha mtu laweza kuwa limejengwa kwa miaka kumi au zaidi, na patasi hulitoa kwa dakika moja.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba ngeli ya LI-YA ndiyo iliyoiharibu miamba. Miamba imeharibiwa hata na wasemaji wa lugha zisizo na ngeli. Tena, sarufi hii haijapotoka kabisa. Tumbawe halina ubongo, na likikatwa vipande, kila kipande chaweza kushika mahali na kukua upya. Kulikata si sawa na kumchinja mnyama. Kwa sababu hiyo, kipimo cha maadili hakiwezi kuwa maumivu ya polipu mmoja. Kipimo ni uhai wa jamii nzima inayoutegemea mwamba. Miamba ya matumbawe huchukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya spishi zote za baharini huitegemea kwa namna moja au nyingine. Anayeondoa tumbawe huondoa pia makao ya wengine.

3.0 Biashara Inavyoendeshwa

Mwaka 2003, UNEP-WCMC, kituo cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake makuu Nairobi, kilichapisha ripoti iliyokadiria kwamba hadi vipande milioni 12 vya matumbawe magumu viliuzwa ulimwenguni kila mwaka, pamoja na samaki wa mapambo kati ya milioni 20 na milioni 24. Thamani ya biashara nzima ya viumbe hao wa baharini ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na milioni 330 kwa mwaka. Indonesia ndiyo iliyoongoza kwa kuuza matumbawe hai, na Marekani ndiyo iliyoongoza kwa kununua. Ufilipino, iliyowahi kuwa muuzaji mkubwa, ilikuwa imepiga marufuku uuzaji wa matumbawe nje tangu mwaka 1977.

Safari ya tumbawe huanza kwa mpiga mbizi mwenye nyundo na patasi. Hung'oa koloni dogo linaloweza kubebeka na kulikabidhi kwa mchuuzi. Mchuuzi humuuzia msafirishaji, naye hulitia katika mfuko wa plastiki wenye maji na kulipeleka uwanja wa ndege. Baada ya hapo hupita kwa mwagizaji na mwenye duka kabla ya kumfikia mfugaji. Kila mkono huongeza bei, na mkono wa kwanza ndio unaopata fungu dogo kuliko yote.

Mnunuzi huvutiwa na rangi kali na polipu wakubwa wanaochezacheza majini. Baadhi ya matumbawe ya aina hiyo hukua polepole na hayapatikani kwa wingi. Mfano unaofahamika ni matumbawe ya jenasi ya Goniopora. Kwa miaka mingi yalikuwa miongoni mwa yaliyouzwa zaidi, ingawa ilijulikana kwamba mengi yake hufa tangini baada ya miezi michache. Chema chajiuza, lakini hapa uzuri uliuza kitu ambacho mnunuzi hakuwa na uwezo wa kukitunza. Lililokufa lilifuatwa na jingine kutoka mwambani, na hivyo kifo chenyewe kikawa chanzo cha mauzo mapya.

Biashara hii ina sheria. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, husimamia biashara ya kimataifa ya spishi za porini zilizo hatarini. Tangu mwaka 1990 matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake ni kwamba yanaweza kuuzwa, lakini nchi inayouza ni lazima kwanza ijiridhishe kuwa mavuno hayaidhuru spishi huko porini.

Sharti hilo ni zuri, ila utekelezaji wake ni mgumu. Matumbawe ni magumu kutambulika, na mengi huandikwa kwa jina la jenasi tu bila spishi. Mengine huhesabiwa kwa vipande na mengine kwa uzito. Kipande cha ukubwa wa kidole na cha ukubwa wa kichwa vyote huweza kuingia daftarini kama kipande kimoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa daftari lipo, lakini lina mapengo yanayoweza kuficha upotevu.

4.0 Hoja za Kimaadili

4.1 Hoja za Wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya uhitaji. Mvuvi anayetafuta kitoweo ana haja ambayo mfugaji wa kujifurahisha hana. Kuiweka starehe ya mmoja juu ya msingi wa riziki ya wengi ni kuipotosha mizani.

Hoja ya pili ni ya wakati. Miamba ya leo si ile ya karne zilizopita. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Nino liliua sehemu kubwa ya matumbawe magumu katika pwani ya Kenya. Joto kali lilirejea mwaka 2016. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba ulimwengu ulikuwa katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe katika bahari zote kuu. Kiumbe aliyedhoofishwa mara nyingi kiasi hicho, wapinzani wasema, hapaswi kuongezewa mzigo hata ukiwa mwepesi.

4.2 Hoja za Wanaotetea

Watetezi hujibu kwamba tatizo halipo dukani. Mwaka 2014 serikali ya Marekani iliziorodhesha spishi 20 za matumbawe kuwa zimo hatarini. Katika tathmini hiyo, vitisho vikuu vilikuwa joto la bahari, magonjwa na kuongezeka kwa asidi katika maji. Uvunaji kwa ajili ya biashara uliwekwa chini sana katika orodha. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2018 nayo ilieleza kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 1.5, miamba ya matumbawe itapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2 itapotea zaidi ya asilimia 99. Mbele ya tarakimu hizo, kumlaumu mpiga mbizi wa Indonesia ni kumwonea mnyonge.

Watetezi huongeza hoja ya thamani. Ripoti ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba tani moja ya matumbawe hai ilileta takriban dola 7,000, ilhali tani iliyochimbwa kwa ajili ya chokaa ilileta takriban dola 60. Ikiwa ni lazima kijiji kiishi kwa mwamba wake, basi ni heri kivune kidogo chenye bei kubwa kuliko kingi chenye bei ndogo. Tena, mwamba ulio hai ukiwa na bei, wenyeji huwa na sababu ya kuwakataza wanaovua kwa baruti na sianidi. Wafugaji nao wamechangia maarifa ya kuyatunza matumbawe. Katika jumba la makumbusho la Horniman, London, watafiti wamefaulu kuyafanya matumbawe yazaliane ndani ya matangi, na elimu hiyo yaweza kusaidia kuirejesha miamba iliyokufa.

Hoja hizi zina uzito, lakini mwamba ngoma huvuta ngozi kwake. Udogo wa kosa haulifanyi kuwa haki. Joto la bahari haliwezi kuzuiwa na kijiji kimoja, lakini nyundo inaweza, na mwamba usiobughudhiwa una nafasi bora ya kupona baada ya kupauka. Hoja ya thamani nayo inasimama kwa sharti moja tu: fedha hizo ziwafikie walio kando ya mwamba. Zikiishia kwa msafirishaji na mwenye duka, kijiji hakina cha kulinda, na dola 7,000 zinabaki kuwa takwimu ya kupambia ripoti.

4.3 Hoja ya Kitalu

Kwa kuwa kipande cha tumbawe chaweza kukua upya, baadhi ya watu wanaona kwamba ugomvi umekwisha: matumbawe yapandwe kama mihogo, na mwamba uachwe. Hoja hii inavutia, ila vitalu ni vya aina mbili, na athari zake hazifanani.

Aina ya kwanza ni vitalu vya baharini, kama vile vya Indonesia na Fiji, ambako wanavijiji hufunga vipande juu ya vibao au meza za chuma na kuvikuza hadi viuzike. Aina ya pili ni vitalu vilivyo ndani ya majengo huko Marekani na Ulaya, ambako tumbawe mama hukatwa tena na tena na vipande kuuzwa papo hapo. Kwa mfugaji, vyote huonekana visafi. Lakini kitalu cha pili, kinapouacha mwamba bila kuugusa, humwacha pia mwanakijiji bila senti.

Afrika Mashariki inaijua hali kama hii. Mkonge, ambao asili yake ni Mexico, uliletwa katika himaya ya Wajerumani iliyokuja kuwa Tanganyika mwaka 1893, na baadaye ukawa zao kubwa la makabaila wa mashamba. Mbegu ilipohama, faida ilihama nayo, na nchi ya asili haikuulizwa. Mwenye tangi anayejivunia kwamba hajagusa bahari hana budi kukumbuka kwamba tumbawe mama lilitoka kwa mtu, na kwamba mtu huyo bado anaishi.

Hatua za serikali pia zimeonyesha ugumu wa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2017 Fiji ilitangaza marufuku ya kuuza matumbawe nje. Mwaka 2018 Indonesia nayo ilisimamisha uuzaji, na katazo hilo liliyagusa matumbawe ya porini na ya vitaluni bila kubagua. Waliokuwa wameacha kung'oa na kuanza kupanda waliadhibiwa sawa na wasioacha. Uuzaji uliporuhusiwa tena mwaka 2020, ulianza na matumbawe ya vitaluni. Funzo ni kwamba katazo lisilotofautisha mkulima na mvunaji hulinda mwamba kwa muda na kuvunja imani kwa muda mrefu zaidi.

5.0 Mizani ya Pwani ya Waswahili

Mswahili hawezi kuingia katika mjadala huu akijidai kuwa mikono yake ni mitupu. Majumba na misikiti ya Gedi, Lamu na Kilwa ilijengwa kwa matumbawe. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Kwa kazi ya nakshi, kama vile mihirabu na miimo ya milango, mafundi walikata tumbawe bichi kutoka baharini, wakalichonga lingali laini, nalo likakauka na kuwa gumu. Chokaa ya kupaka ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo.

Kuna tofauti gani basi kati ya mihirabu na tangi? Zipo tatu. Kwanza, kilichokatwa kilidumu: yapo matumbawe yaliyochongwa karne nyingi zilizopita ambayo yangali yanaonekana hadi leo. Pili, aliyekata alikuwa jirani wa mwamba. Samaki wakipungua, yeye na watoto wake ndio waliolala njaa. Faida na hasara vilikuwa katika mji mmoja. Tatu, bahari ya wakati huo haikuwa imezidiwa na joto. Tofauti hizi hazimtakasi mchoma chokaa, kwa maana naye aliharibu. Zinaonyesha tu kwamba uharibifu huwa hatari zaidi pale anayefaidi anapokuwa mbali na anayeumia.

Mfano wa karibu unapatikana Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003 wakazi wa Kuruwitu walijiunga pamoja wakihofia uvuvi uliokithiri na ukusanyaji holela wa viumbe kwa ajili ya matangi. Mwaka 2005 walikubaliana kulifunga eneo la bahari la takriban hekta 30 lisivuliwe kabisa. Samaki na matumbawe yalianza kurudi, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Maeneo ya aina hiyo huitwa tengefu. Neno hili linastahili kutuliwa macho na mwanafunzi wa mofolojia. Limetokana na kitenzi tenga, na kiambishi tamati chake hutaja hali, kama katika kamilifu na haribifu. Lakini bahari haijitengi yenyewe. Nyuma ya tengefu kuna mtendaji: watu walioketi, wakabishana, wakakubali kupoteza leo ili wapate kesho. Neno lenyewe linabeba maadili ambayo kibali cha forodhani hakina, yaani ridhaa ya wanaohusika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tumbawe hutajwa kama jiwe katika sarufi, kama mnyama katika sayansi, na kama bidhaa sokoni. Kila mtazamo una ukweli wake, lakini hakuna unaotosha peke yake. Kutokana na mjadala uliotangulia, biashara ya matumbawe yaweza kuitwa ya haki pale tu inapotimiza masharti manne: asili ya tumbawe ijulikane, liwe la aina inayoweza kuishi tangini, wanaoishi kando ya mwamba wawe na sauti na fungu la haki, na mwamba uliopauka upewe muda wa kupumzika. Tumbawe lisilotimiza masharti hayo halipaswi kununuliwa, hata likiwa na kibali chenye mihuri yote.

Wajibu wa wasomi wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba masharti kama hayo yanajadiliwa kwa lugha anayoielewa mvuvi wa Shimoni na wa Kilifi. Wavuvi wa Kuruwitu hawakuifunga bahari yao kwa kusomewa mkataba. Waliifunga kwa sababu hoja ilifikishwa kwao, wakaijadili, ikawa yao.

Maswali ya Mjadala

1. Tumbawe ni mnyama, lakini limo katika ngeli ya LI-YA. Je, lugha ifuate sayansi katika upatanisho, au sayansi iifuate lugha? Tetea jibu lako.

2. Linganisha haki ya mwanakijiji anayekuza matumbawe baharini na ya mfanyabiashara anayeyakuza ndani ya jengo nchi za mbali.

3. Kusanya kutoka kwa wavuvi wa eneo lolote la pwani maneno yanayotaja aina na sehemu za mwamba, na ueleze yanavyodhihirisha mtazamo wao kuhusu bahari.